Idadi ya majaji wa mahakama ya juu: iandikwe kwenye Katiba au iachiwe Bunge?

Watu wengi huamini kwamba majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliwekwa na Katiba ya nchi hiyo. Sivyo. Katiba ya Marekani inasema kutakuwa na mahakama moja ya juu, basi; idadi ya majaji haimo. Tisa ilitokana na sheria ya kawaida ya mwaka 1869, na sheria ya kawaida hufutwa kwa sheria nyingine ya kawaida. Ndiyo maana kila baada ya muda huzuka mvutano: kuna wanaotaka viti viongezwe (mwaka 2021 uliwasilishwa muswada wa kuvifikisha kumi na tatu), na kuna wanaotaka tisa iingizwe ndani ya Katiba isiguswe tena.

Mvutano huo si wa Wamarekani peke yao. Kila nchi inayoandika au kurekebisha katiba hukutana nao, na mwananchi anayeitwa kupiga kura ya maoni ana haki ya kujua anachagua nini. Nimeziweka hapa njia zinazotumika kweli, na zote nimezipima kwa swali moja: siku serikali yenye wabunge wengi itakapochukizwa na hukumu, ni njia ipi itakayowaacha majaji wamalize kazi yao?

Kuiachia sheria ya Bunge

Sifa kubwa ya njia hii ni wepesi. Kesi zikizidi, Bunge linaongeza majaji bila kuigusa Katiba. Tatizo ni kwamba mlango ule ule unaopitisha nia njema unapitisha na nia mbaya, na kwa kuuangalia tu huwezi kuzitofautisha.

Historia ya Marekani inalionyesha hilo vizuri. Mahakama ilianza mwaka 1789 ikiwa na majaji sita. Mwaka 1801 ikapitishwa sheria ya kuwapunguza hadi watano, na mwaka uliofuata ikafutwa kabla haijafanya kazi. Wakawa saba mwaka 1807, tisa mwaka 1837, kumi mwaka 1863. Sehemu ya mabadiliko hayo ilikuwa na sababu ya haki: majaji walisafiri kusikiliza kesi kanda kwa kanda, nchi ilikuwa ikitanuka kuelekea magharibi, na kanda mpya zilihitaji majaji. Lakini utazame mwaka 1866. Bunge lililokuwa limekosana na Rais Andrew Johnson liliamua viti vishuke hadi saba kadiri majaji watakavyofariki au kustaafu. Johnson akamaliza muda wake bila kuteua jaji hata mmoja wa mahakama hiyo. Alipoondoka tu, viti vikarudishwa tisa.

Kisha ukaja mwaka 1937. Rais Franklin Roosevelt, aliyekuwa amechoshwa na mahakama iliyokuwa ikibatilisha sheria zake za kuufufua uchumi, alipendekeza aruhusiwe kuongeza jaji mmoja kwa kila jaji aliyepita umri wa miaka 70 bila kustaafu, hadi majaji sita wa ziada. Mahakama ingeweza kufika majaji kumi na watano. Chama chake kilikuwa na wingi mkubwa katika Seneti, na bado Seneti iliuzika mpango huo kwa kura 70 dhidi ya 20.

Wanaopinga kuifunga idadi ndani ya Katiba huupenda sana mfano huu. Wanasema desturi ilitosha, wanasiasa wenyewe walijizuia. Mimi nauona kwa jicho jingine. Katika miezi hiyo hiyo mahakama ilianza kuzikubali sheria ilizokuwa ikizikataa, na hadi leo wanahistoria wanabishana kama jaji aliyebadili msimamo aliogopa mpango wa Rais au la. Inajulikana kwamba kura yake katika kesi ya kima cha chini cha mshahara aliipiga faraghani kabla mpango haujatangazwa. Lakini hukumu ilisomwa baada ya mpango kutangazwa, na nani angemsadiki? Hasara ya idadi inayoning'inia kwenye sheria ya kawaida ndiyo hiyo: hata jaji asiyetishika hana namna ya kuthibitisha kwamba hakutishika.

Na si kila nchi ina Seneti ya kumkatalia kiongozi wake. Nchini Argentina, mwaka 1990, Rais Carlos Menem alipata sheria ya kuongeza majaji kutoka watano hadi tisa. Waargentina wakaja kuuita ule upande wa serikali mahakamani wingi wa moja kwa moja, kwa maana kwamba kura zake zilijulikana kabla kesi haijasikilizwa. Ilichukua hadi mwaka 2006 kupitisha sheria ya kuirudisha mahakama kwenye majaji watano. Venezuela nayo iliongeza majaji wa mahakama yake ya juu kutoka 20 hadi 32 mwaka 2004 kwa sheria ya Bunge, na mwaka 2022 ikawarudisha 20. Mahakama inayovutwa na kuachiwa kama utepe wa mpira haiwezi kumpa mnyonge imani kwamba kesi yake dhidi ya serikali itasikilizwa na watu huru.

Kuandika namba kamili ndani ya Katiba

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 163, inataja majaji wa Mahakama ya Juu mmoja mmoja: Jaji Mkuu, Naibu wake, na majaji wengine watano. Saba, na Bunge halina ruhusa ya kuwafanya wanane kwa sheria. Afrika Kusini imefanya vivyo hivyo kwa Mahakama yake ya Katiba, majaji kumi na mmoja. Brazil ni kumi na mmoja pia.

Faida yake iko wazi. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya uchaguzi wa urais, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, wa saba akiwa mgonjwa. Hasira za kisiasa zilizofuata zilikuwa kali na za hadharani. Fikiria kama wingi wa wabunge ungetosha kuongeza majaji wanne kabla ya kesi iliyofuata. Silaha hiyo haikuwapo mezani. Kwangu hiyo ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote za kuandika namba kamili.

Ila mwaka huo huo ulionyesha na udhaifu wake. Akidi ya mahakama hiyo, yaani idadi ya chini inayohitajika kusikiliza shauri, ni majaji watano. Tarehe 25 Oktoba, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio, mahakama ilipaswa kusikiliza ombi la kuuahirisha. Walifika majaji wawili tu, na shauri halikusikilizwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katikati ya 2016, kustaafu kwa majaji watatu karibu kwa pamoja kuliiacha mahakama na majaji wanne, chini ya akidi, hadi wapya walipoapishwa. Majaji saba na akidi ya watano maana yake ni kwamba watatu wakikosekana, kwa ugonjwa, kwa hofu au kwa kustaafu, nchi haina mahakama ya juu. Katika nchi ambayo kesi ya uchaguzi wa urais ni lazima iamuliwe ndani ya siku 14, huo ni ukingo mwembamba mno. Afrika Kusini, yenye kumi na mmoja na akidi ya wanane, inaweza kuwakosa watatu ikaendelea. Kwa hiyo ukiletewa pendekezo la namba kamili, usiitazame namba peke yake. Toa akidi kwenye idadi, uone kinachobaki. Kikiwa viti viwili, dai vingi zaidi.

Jambo moja katika Katiba ya Kenya linanifurahisha na sijaona likizungumzwa vya kutosha. Namba kamili imewekwa kwa Mahakama ya Juu peke yake. Kwa Mahakama ya Rufaa, Katiba inasema majaji wasipungue kumi na wawili, na idadi yenyewe iwekwe na sheria ya Bunge. Mahakama inayobeba mashauri ya kila siku imeachiwa nafasi ya kukua. Mahakama inayoamua nani ni rais imefungwa.

Sakafu, au dari

Kati ya njia mbili hizo kuna ya tatu, nayo ina sura mbili ambazo watu huzichanganya.

Sura ya kwanza ni kuweka kiwango cha chini. Ghana inataka Jaji Mkuu na majaji wasiopungua tisa. Uganda inataka Jaji Mkuu na wasiopungua sita. Katiba ya Tanzania nayo hutumia lugha ya "wasiopungua" kwa Majaji wa Rufani. Sakafu humzuia mtawala asiikaushe mahakama, lakini haimzuii kuijaza. Ndiyo sababu kwa miaka mingi kumekuwa na mjadala nchini Ghana wa kuweka ukomo wa juu.

Sura ya pili ni dari. Nigeria ina Jaji Mkuu na majaji kwa idadi itakayowekwa na Bunge, isiyozidi ishirini na mmoja. Dari humzuia mtawala asijaze kupita kiasi, ila inamwachia kukausha. Mwishoni mwa Oktoba 2023 mahakama hiyo ilikuwa na majaji kumi tu, chini ya nusu ya viti, huku rufaa zikirundikana. Februari 2024 wakaapishwa kumi na mmoja kwa mpigo, wakafika ishirini na mmoja. Walioapishwa ni majaji halali na sina neno nao. Ninachosema ni kwamba zaidi ya nusu ya mahakama ya juu ya nchi ilipatikana siku moja, chini ya serikali moja, bila namba yoyote ya Katiba kubadilika. Kukawia kuteua kunaweza kuleta kile kile ambacho Katiba ilitaka kukizuia.

India imechagua kitu cha kipekee kidogo. Katiba yake ilianza na Jaji Mkuu na majaji wengine wasiozidi saba, mpaka Bunge litakapoweka idadi kubwa zaidi. Bunge limeiongeza mara kadhaa, na mwaka 2019 jumla ilifika 34. Hapo si kujaza mahakama kwa siasa: ni mahakama yenye makumi ya maelfu ya kesi, majaji wakikaa katika majopo ya wawili au watatu. Anayetaka kufunga idadi kwa namba kamili lazima aijibu India: mahakama yako ya juu ni ya Katiba tu, au ni mwisho wa rufaa za ardhi, mirathi, mikataba na jinai za nchi nzima?

Kufuli na funguo zake

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Tunasema "iwe kwenye Katiba" kana kwamba Katiba zote zina ugumu mmoja. Haziko hivyo.

Hungary ilikuwa na majaji kumi na mmoja wa Mahakama ya Katiba, na idadi hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye Katiba. Mwaka 2010 chama kimoja na mshirika wake mdogo vilipata theluthi mbili ya viti vya Bunge, ambayo ndiyo ilihitajika kuibadili Katiba. Mwaka uliofuata wakawa kumi na watano. Uturuki ilitoka majaji kumi na mmoja hadi kumi na saba kwa kura ya maoni ya mwaka 2010, ndani ya kifurushi kilichobeba mambo mengine mengi ambayo wananchi waliyataka. Mexico ilipunguza kutoka 26 hadi 11 mwaka 1994, na Septemba 2024 kutoka 11 hadi 9, kwa marekebisho ya Katiba yaliyokamilika ndani ya mwezi huo mmoja. Brazil, chini ya utawala wa kijeshi, ilipandishwa kutoka 11 hadi 16 mwaka 1965 kwa amri ya watawala, kisha ikarudishwa 11 mwaka 1969.

Upande wa pili yuko Mmarekani. Kwake marekebisho yanahitaji theluthi mbili ya kila baraza na kuridhiwa na majimbo 38 kati ya 50, na hakuna yaliyokamilika tangu mwaka 1992. Pendekezo la kufunga tisa lilishawahi kufika mbali: mwaka 1954 Seneti ililipitisha kwa kura 58 dhidi ya 19, likiwa na umri wa kustaafu wa miaka 75 ndani yake. Baraza la Wawakilishi halikulishughulikia, likafa. Kanada ina mfano wa ajabu zaidi. Majaji wake tisa wako kwenye sheria ya kawaida, lakini mwaka 2014 mahakama yenyewe iliamua kwamba muundo wake unalindwa na Katiba na hauwezi kubadilishwa bila ridhaa ya Bunge na majimbo yote.

Kwa hiyo kabla hujauliza "majaji wangapi", uliza "nani anaweza kuibadili namba hiyo, na amewahi kushindwa?" Kama katika nchi husika chama kimoja hupata theluthi mbili uchaguzi baada ya uchaguzi, basi theluthi mbili si kufuli, ni komeo la mbao. Hapo dai kura ya maoni inayohusu suala hilo pekee, au utaratibu kama wa Sweden ambapo marekebisho ya Katiba hupitishwa mara mbili na uchaguzi mkuu ukiwa katikati. Tena iandikwe bayana kwamba idadi ya majaji ni sehemu ya mambo hayo. Katiba ya Kenya inataka kura ya maoni kwa marekebisho yanayogusa uhuru wa Mahakama. Je, kuwafanya saba kuwa kumi na mmoja ni kuugusa uhuru huo? Mimi nasema ndiyo. Lakini Katiba haikulitamka, na mwanya usiotamkwa ndio mawakili wa serikali huanza nao.

Namba pekee haimlindi jaji

Poland ina majaji kumi na watano wa Mahakama ya Katiba, na idadi hiyo imo kwenye Katiba ya mwaka 1997. Haikuongezwa wala kupunguzwa. Mwaka 2015 Bunge lililokuwa linamaliza muda lilichagua majaji watano, wawili kati yao kwa viti ambavyo havikuwa vimefikia wakati wa kujazwa na Bunge hilo. Rais akakataa kuwaapisha wote watano. Bunge jipya likachagua watano wengine, wakaapishwa upesi. Namba ilibaki kumi na tano wakati mahakama ikipasuka katikati.

Marekani nayo, Februari 2016, jaji mmoja alifariki na Seneti ikakataa hata kumjadili aliyependekezwa na Rais Barack Obama. Kwa zaidi ya mwaka mmoja mahakama ya watu tisa ilikuwa ya watu wanane, na kesi kadhaa ziliishia nne kwa nne. Tisa ingekuwa imeandikwa kwenye Katiba, ingesaidia nini? Kiti kitupu ni upunguzaji usiohitaji sheria.

Halafu kuna hoja ambayo wanaopenda kufunga namba hawapaswi kuikwepa. Ukifunga idadi leo, mahali ambapo majaji hukaa maisha yao yote, unafunga pia faida ya yeyote aliyebahatika kuteua wengi kufikia leo. Upande ulioachwa nyuma hautakubali, na una sababu. Ndiyo maana naamini namba na muda wa kazi vinapaswa kuingia pamoja: miaka kumi na miwili isiyorudiwa, kama Ujerumani, humhakikishia kila mmoja kwamba zamu yake itafika bila kuongeza kiti.

Kama ungeniomba nichague

Kwa mahakama inayoshughulikia Katiba na uchaguzi, ningechukua namba kamili, isiyopungua tisa, akidi ikiacha nafasi ya watatu kukosekana. Kwa mahakama inayobeba rufaa za kila aina, ningechukua sakafu na dari kwa pamoja, pengo lake lisiwe kubwa, na ongezeko lolote lianze kutumika baada ya uchaguzi mkuu unaofuata, ili anayepitisha asiwe anayeteua. Kwa zote mbili ningetaka siku za kujaza kiti ziandikwe kwenye Katiba, na ielezwe ni nani atakayejaza kama mwenye jukumu hilo atasusa. Kuiachia sheria ya kawaida nisingekubali, hata mahali ambapo desturi ni imara, maana desturi hujulikana kuwa imevunjika siku ile ile inapohitajika.

Na ningelifanya jambo hilo kabla ya mgogoro. Ujerumani ilikuwa na majaji kumi na sita katika majopo mawili ya wanane, yote hayo kwenye sheria ya kawaida. Baada ya kuyaona ya Hungary na Poland, vyama vikubwa vilikubaliana kuyapeleka kwenye Katiba: majaji kumi na sita, miaka kumi na miwili, hakuna kuchaguliwa tena. Wakafungua pia mlango kwamba baraza moja la Bunge likishindwa kuchagua jaji, baraza la pili linaweza kuruhusiwa kumchagua badala yake. Serikali ya muungano ilikuwa imevunjika mwezi uliotangulia, Kansela alikuwa ameshindwa kura ya imani siku tatu kabla, na uchaguzi wa Februari ulikuwa unabisha hodi. Tarehe 19 Desemba 2024 wabunge waliokuwa wakijiandaa kupambana majukwaani walipiga kura upande mmoja, 600 dhidi ya 69.